Tangu Ramadhani Karata Zimenikataa

Kwako Mama Mungania,

Salaam aleikum. Nimesoma majibu yako kwenye gazeti hili miaka mingi, hata yanapofika Isiolo yamechelewa na mwenye duka ameshafungia nusu yake sukari, na mara nyingi nimecheka nikijiuliza watu hawa wana shida gani mpaka wamwandikie mtu wasiyemjua, na leo ni mimi nimeketi ndani ya kabini ya lori nikiandika juu ya goti, kwa hivyo nakuomba usinicheke, unisikilize tu mpaka mwisho, maana hapa mjini hakuna mtu ninayeweza kumwambia jambo hili asubuhi lisimfikie dada yangu kabla ya adhuhuri.

Naitwa Abshir, nakaa mtaa wa Wabera. Baba yetu alikuwa askari wa KAR wakati wa Waingereza, alipostaafu akanunua lori, na alipofariki lori likabaki kwangu na kwa dada yangu Fosia, ambaye ni mjane na mimi ndiye ninayekaa kwake, na kwa vile Fosia aliuza dhahabu yake yote ya harusi ili injini itengenezwe, tulikubaliana mbele ya wazee kwamba lori ni nusu kwa nusu, mimi niendeshe, yeye ale kwa jasho lake lililomo ndani ya injini ile, yeye na watoto wake.

Kazi yangu ni kupeleka sukari, unga na majani ya chai Marsabit, na kurudi na mbuzi au ngozi. Wewe uliye Nairobi pengine hujui kwamba barabara ya kaskazini hatuendi mmoja mmoja. Kwa sababu ya majambazi, malori yote yanakusanyika kwenye kizuizi cha hapa Isiolo, tunangoja askari wa kutusindikiza, halafu tunaondoka msafara mmoja. Kungoja huko kunaweza kula asubuhi nzima, au siku nzima, au mnaambiwa rudini kesho, na sasa wanaume wenye nguvu zao watafanya nini hapo, wengine wanalala chini ya malori, wengine wanatafuna miraa, na sisi wengine tunatandika gunia kwenye kivuli tunacheza poka.

Poka si bahati peke yake, Mama. Kila mtu anapewa karata tano, anazificha, anatazama uso wa mwenzake, anaweka dau, na akiona karata zake hazifai anaziweka chini na kusema mimi nimetoka. Mimi nilikuwa naziweka chini mara nyingi kuliko mtu yeyote, watu wananicheka, lakini nikibaki kwenye mchezo ujue nimebaki na kitu, na hata siku nisipokuwa na kitu usingenijua usoni, ndiyo maana wakaniita Macho Makavu. Tulianza kwa sigara na miraa, tukaingia kwenye shilingi, halafu kwenye mbuzi tunaowanunua soko la Oldonyiro. Mbuzi wa Idd waliochinjwa kwa Fosia mwaka jana walitoka kwenye karata, na yeye alidhani ni faida ya mzigo. Najua dini yetu inakataa, tafadhali usianzie hapo, sheikh ameshanisomea.

Sasa tangu tumalize Ramadhani, karata zimenikataa. Sijui nieleze vipi. Nikipata jozi, mwenzangu ana jozi kubwa zaidi. Nikipata karata nzuri kabisa, wote wanaweka zao chini na sipati chochote, na nikidanganya kwa uso wangu ule ule ambao walikuwa wakiuogopa, wananitazama tu wanasema, "Tuone." Nilibadilisha mahali pa kuketi. Nikaacha kunyoa ndevu, halafu nikanyoa. Kuna mwanamke anayeuza maziwa karibu na kizuizi, nikaona kila nikinunua kwake naliwa kwenye karata, nikaacha kumsalimia, mwanamke wa watu hana kosa lolote. Nikanunua karata mpya nikizifungua mwenyewe, bado nikaliwa, na kila nilipoliwa niliongeza dau ili nirudishe ya jana, na ile tabia yangu ya kuweka karata chini ikaniishia kabisa, nikawa nabaki na kila takataka nikisema hii ndiyo itageuza.

Siku ninayotaka kukueleza, msafara ulikuwa umekusanyika na sisi tumetandika gunia. Mbele yangu alikuwa Halake, Mborana, mfanyabiashara wa mifugo mwenye lori lake mwenyewe, tumesoma madrasa pamoja na tumelala kwao na kwetu kama ndugu. Nilipata kingi tatu. Mama, kingi tatu baada ya wiki zote hizo! Nilikuwa sina tena pesa wala mbuzi, nikasema naweka tairi ya spea ya lori. Akal, tanboi wangu anayenisaidia kwenye lori, Mturkana mtu mzima kunizidi, akaniita pembeni akasema, "Abshir, hiyo usiweke." Nikamwambia arudi kwenye kazi yake. Halake akaweka dau lake, akafunua karata tano, zote kopa, na tano za aina moja zinakula kingi tatu.

Nikasimama nikamwambia, "Halake, umeweka alama kwenye karata. Wewe ni mwizi."

Halake akazikusanya zile karata polepole, akanipa mkononi, akasema, "Karata ni zako, Abshir. Wewe ndiye uliyezinunua na wewe ndiye uliyezifungua."

Nikazitupa, nikalipiga teke gunia, nikamwita mwizi mara ya pili ili hata wa mbali wasikie. Spea ikabingirishwa kutoka lori langu mpaka lori lake, na muda mfupi baadaye askari wakafungua kizuizi tukaondoka.

Juu ya mzigo wangu kulikuwa na abiria, akiwemo msichana aitwaye Gumato, mjamzito, anakwenda kujifungulia kwao Marsabit, pamoja na mama yake mdogo, Batula. Kabini nilikuwa nimempa mwenye mzigo wa sukari. Tulipita Archers Post vizuri. Mbele kidogo tairi moja ya nyuma ikapasuka, na wewe unajua lori lina tairi mbili mbili nyuma, kwa hivyo Akal alipopiga bodi nisimame nikashuka nikatazama, nikasema ile ya pili itabeba mpaka Laisamis. Akal akasema haitabeba mzigo huu. Nikasema itabeba. Haikubeba. Ilipasuka kabla ya Laisamis, mahali hapana mti wa maana, lori likainama upande mmoja na wanawake juu wakapiga kelele.

Gari la askari lililofunga msafara lilisimama. Mkubwa wao akasema magari mengine hayawezi kuzuiwa barabara ile, akatuachia askari wawili na maji kidogo, akaenda. Tukawashusha abiria, Gumato akalazwa chini ya lori penye kivuli. Alikuwa ameanza kushika mgongo. Batula, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia ngamia, akanikabili.

"Dereva, spea iko wapi?"

Nikasema, "Iko kwa fundi, mama. Hakuimaliza kwa wakati."

"Na wewe ukaondoka na watu?"

Nikainama kutazama tairi. Akal naye akatazama kando, hakunisaidia na hakunisaliti. Jua lilikuwa kali, maji yakawa ya kugawana kwa kifuniko, na kila Gumato alipokunja uso nilijisemea, Mungu wangu, huyu akijifungua hapa nitafanya nini mimi.

Jua lilipoanza kuinama tukaona vumbi linatoka upande wa Laisamis. Lilikuwa lori la Halake. Alikuwa amefika Laisamis, akahesabu malori, hakuniona, akawaomba askari wamruhusu kurudi. Alishuka bila kunisalimia, yeye na mtu wake wakaitelemsha ile spea. Batula akamfuata na hasira zake zote.

"Wewe ndiye fundi?"

Halake akanitazama. Alikuwa na haki ya kusema chochote. Akamgeukia Batula akasema, "Ndiyo, mama. Nilichelewa nayo. Nisamehe."

Akatukanwa yeye kwa ajili yangu, mimi nikiwa nimeshika spana. Tukafunga ile tairi, tukahamishia nusu ya magunia na abiria wote kwenye lori lake, tukaenda. Marsabit aliwashusha wale wanawake kwao, mimi nikaenda kushusha sukari.

Ungedhani niliacha. Nilikaa muda bila kucheza, Halake naye tangu siku hiyo haji kwenye gunia wala hatusemezani, naona aibu hata kupita mbele ya nyumba yake. Lakini nikawa nawaza kwamba spea imerudi kwangu, labda ndiyo dalili kwamba mkosi umevunjika. Nikaketi tena. Nikashinda mara ya kwanza na ya pili, nikasema ndiyo hiyo, halafu nikaliwa mpaka jioni. Sasa yuko mwenye malori mmoja aitwaye Mako, ameniambia tukikusanyika msafara wa baada ya Idd ya kuchinja niweke nusu yangu ya lori, yeye aweke ngamia wake walioko Gotu. Nikishinda, nitarudisha kila kitu nilichopoteza na zaidi, na naapa sitashika karata tena maishani. Fosia hajui lolote.

Kwa hivyo swali langu ni hili. Mkosi wa namna hii huwa unakwisha lini, na mtu anajuaje kwamba umekwisha? Je, nicheze na Mako huu mchezo mmoja wa mwisho? Na kama sichezi, nitafanya nini na hasara hii iliyonikalia kifuani?

Ni mimi niliyechanganyikiwa,
Abshir, Isiolo.

JIBU LA MAMA MUNGANIA

(Jibu hili nilimtumia kwanza kwa posta, kwa sababu Idd isingengoja gazeti. Ninalichapa sasa kwa ruhusa yake, na majina nimeyabadilisha yote.)

Abshir,

Sikucheki. Mtu anayeandika kurasa zote hizo akiwa ameegemea usukani ameshachoka, na mimi nakuonea huruma kwa uchovu huo. Sasa kaa vizuri kwa sababu huruma imeishia hapo.

Unaniuliza mkosi unakwisha lini. Hakuna mkosi. Karata ni makaratasi, hazijui Ramadhani imekwisha, hazijui ulinyoa au hukunyoa, na yule mwanamke wa maziwa hakukuibia kitu, kesho kamsalimie. Kuna wakati karata mbaya zinakuja mfululizo kwa mtu yeyote, na zamani zilikuja kwako pia, ila wewe uliziweka chini ukatoka, na kwa hiyo hukuziona kuwa ni mkosi. Umeniandikia mwenyewe halafu hukusoma ulichoandika. Siku hizi huchezi karata ulizoshika. Unacheza hasira ya jana. Unataka gunia likurudishie, na wenzako wanakuona tangu mbali kwamba huwezi kutoka, ndiyo maana wanasema, "Tuone." Uso wako haujabadilika, Abshir, wamekujua tu kwamba hutoki.

Na hizo siku ulizokuwa ukishinda, usizikumbuke kama siku za heri. Wale uliowala walikuwa na dada zao pia.

Lakini kuna jambo lililonikera kuliko karata. Tairi ya kwanza ilipopasuka ulishuka, ukaangalia, mtu mwenye uzoefu akakwambia haitabeba, ukasema itabeba. Hapo hukuwa kwenye gunia. Ulikuwa barabarani, na dau lilikuwa mwanamke mjamzito uliyempandisha juu ya magunia huku mwenye sukari akistarehe kabini. Hukumuuliza kama yuko radhi. Halafu umenieleza kingi zako tatu kwa furaha, umenieleza kopa za Halake, umenieleza ngamia wa Mako, mimi nikageuza karatasi mbele na nyuma nikitafuta kama Gumato alifika akajifungua salama. Hakuna. Ulishusha sukari. Abshir, wewe hujui kama yule msichana yuko hai!

Kuhusu Mako jibu ni hapana, na sitalieleza sana. Hakuna nusu ya lori. Ukiliwa, Mako hatakata lori kwa msumeno, atapanda kabini, na Fosia ataamka asubuhi awe mshirika wa mtu ambaye hakumchagua. Na ukishinda ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu utaamini kila ulichoniuliza kuhusu mkosi, na baada ya mwezi mmoja ngamia watakuwa wamerudi Gotu wakifuatana na lori. Hicho kiapo cha kuacha baada ya kushinda, kila mcheza kamari anacho mfukoni.

Hasara iliyokukalia kifuani haitarudi. Iite imekwenda. Najua inauma kusema hivyo, na utaona kama unakubali kushindwa, lakini siku utakapoacha kuitafuta ndipo utakapoacha kuipoteza upya.

Sasa fanya hivi, na ufanye kabla ya Idd. Mwambie Fosia. Mwambie mchana, mkiwa mmeketi, kwa mdomo wako, usianze na habari za bahati, anza na spea. Usimwambie nusu ukaacha nusu, kwa sababu mwanamke aliyeuza dhahabu yake kwa ajili ya injini ana haki ya kujua injini hiyo ilikuwa inakwenda wapi. Pesa za mzigo apokee yeye. Utaona haya mbele ya wafanyabiashara, na uone. Mako mwambie hapana ukiwa umesimama, usiketi hata kidogo "kusalimia", na siku za kungoja msafara usiegeshe lori karibu na gunia. Kaa na Akal mkague lori, mtu huyo ana akili na wewe umekuwa ukimfukuza. Nenda nyumbani kwa Halake, si kizuizini, ukamwambie ulimwita mwizi na hakuwa mwizi. Usimpelekee zawadi, peleka maneno hayo tu. Na safari yako ya kwanza Marsabit, kabla hujashusha gunia hata moja, umtafute Gumato.

Wako,
Mama Mungania.

BARUA YA PILI KUTOKA KWA ABSHIR

Mama Mungania, salaam aleikum.

Barua yako ilinifikia ikiwa imebaki siku chache tu Idd ifike, nikaisoma, nikakasirika, nikaiweka, nikaisoma tena. Nilimwendea Fosia jikoni akiwa anapika mikate ya anjera. Nilianza na spea kama ulivyosema. Hakugeuka kunitazama, aliendelea kumimina na kubandua, mpaka moja ikaungua, na mimi sijawahi kuona Fosia akiunguza anjera. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja tu.

"Hao watu juu ya mzigo, walijua?"

Nikasema hapana.

Akafuta mikono, akanyoosha kiganja, nikampa ufunguo wa lori. Kwa siku mbili hakusema nami neno. Ya tatu akanirudishia ufunguo akasema, "Utaendesha kwa sababu mimi sijui kuendesha. Pesa itapita kwangu. Siku nikisikia umeketi kwenye gunia, ninauza, na nusu yako utaipata mbele ya wazee wale wale." Kisha akaniwekea chakula. Idd yetu ilikuwa ya wali mtupu, na watoto waliuliza mbuzi yuko wapi, na Fosia akawaambia wamuulize mjomba wao. Niliwajibu kweli. Mdogo wao hakuelewa, mkubwa alielewa.

Halake nilimkuta uani kwake. Nilisema maneno uliyoniambia, sikuongeza. Akasema, "Nilikasirika. Bado nimekasirika kidogo. Ingia unywe chai." Tukiwa ndani nikamuuliza kwa nini alirudi siku ile. Akacheka. "Usidhani nilirudi kwa ajili yako. Nilimwona yule msichana akipanda."

Mako nilimwambia hapana nikiwa nimesimama. Alisema nimekuwa mwanamke. Akal akacheka, akamuuliza kama hajaona wanawake wa hapa Isiolo wanavyofanya biashara, na tukaondoka.

Marsabit sikushusha gunia. Niliuliza mpaka nikafika kwa kina Batula. Mama, alinipokea kwa mikono miwili! Akaniletea maziwa, akawaambia majirani huyu ndiye dereva aliyetutunza siku ile jua kali, alitupa maji yake, yule fundi mzembe ndiye aliyetaka kutuua. Gumato alijifungua mtoto wa kike kesho yake, wote wawili wazima. Nilikaa na kile kikombe cha maziwa mkononi. Nilifikiri ninaweza kunywa nikaondoka, wao wafurahi na mimi nifurahi. Nikakiweka chini.

"Mama," nikasema, "hakukuwa na fundi."

Nilimweleza yote. Akakunja uso. Hakunitukana, jambo ambalo nilikuwa nimejiandaa nalo. Aliita ndani, "Gumato, toka, uje usikie wewe mwenyewe," na akanilazimisha nirudie toka mwanzo mbele ya msichana yule aliyebeba mtoto wake. Nikarudia. Gumato alinisikiliza huku anamfunika mtoto jua.

"Nilijua," akasema.

Batula akashtuka kuliko mimi. Gumato akasema, "Nilikuwa nimeketi juu ya magunia, mama mdogo ameshuka kununua maji. Niliwaona mkiibingirisha kwenda lori la pili. Nilisikia na matusi."

Nikamuuliza kwa nini basi hakushuka.

Akanitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. "Nishuke niende wapi? Nilikuwa nimekaribia. Msafara mwingine ulikuwa lini?"

"Na ulipokuwa umelala chini ya lori, ukinisikia nikisema fundi?"

"Mama mdogo angekupiga. Halafu nani angetuendesha?"

Nilifikiri nimeficha jambo hili kwa dunia nzima, kumbe yeye aliyekuwa ameumia alilibeba kimya pamoja na mtoto tumboni, kwa sababu hakuwa na lori lingine. Baadaye akaniuliza nitapita tena lini, maana arobaini ikiisha anataka kurudi kwa mume wake Isiolo, na hataki kukaa juu ya magunia. Nikamwambia kabini ni yake. Batula hakunisindikiza mlangoni, lakini maziwa yale aliniambia niyanywe.

Sijashika karata tangu hapo. Sitakudanganya, msafara ukichelewa na nikasikia wanavyocheka kule kwenye kivuli, naacha kukagua lori, na juzi nilitembea mpaka karibu nikasikia Mako akigawa. Akal alikuja akasimama kando yangu, tukarudi pamoja. Je, hamu hii itakwisha lini?

Abshir.

MAMA MUNGANIA ANAJIBU

Abshir, umeanza tena kuniuliza mambo yatakwisha lini. Sijui. Huenda isiishe. Hukufika kwenye gunia siku ile kwa sababu mtu alisimama kando yako, basi usingoje abahatishe kukuona mara nyingine. Mwambie Akal waziwazi, "Msafara ukichelewa, usiniache peke yangu," na umwongezee mshahara. Mwambie na Fosia kwamba ulifika karibu. Atakasirika, mwambie hivyo hivyo. Na Gumato akimaliza arobaini, usingoje atafute gari kwenye barabara. Nenda umchukue mlangoni kwao, yeye na mtoto, uendeshe polepole.